Maswali ya wasomaji: Mkakati wa afya ukishafika shehiani

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mjumbe wa kamati ya afya ya shehia, Wilaya ya Micheweni, Pemba. Tumepewa mafunzo ya mkakati wa afya ya jamii, tukakabidhiwa kabrasha na kuambiwa tukatekeleze. Wenzangu wanataka tuanze na choo cha kituo. Mimi naona kazi ni kubwa kuliko hiyo, ila sijui tuishike wapi.

Waalaykumu salaam. Choo kijengwe, lakini kazi ya mwanzo ni kujua nani anaishi wapi. Tangu Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, afya ya msingi maana yake ni huduma kusogezwa karibu na pale watu wanapoishi na kufanya kazi. Huwezi kumsogezea huduma mtu usiyejua kama yupo.

Msianze kuandikisha upya. Sheha ana daftari lake la wakaazi. Mhudumu wa afya ya jamii ana kaya alizosajili kwenye simu kupitia Jamii ni Afya, mpango wa afya ya jamii wa Zanzibar. Kituo kina rejista ya kliniki ya wajawazito na ya chanjo. Kaeni siku moja mlinganishe hesabu za pande zote tatu. Tuseme, kwa mfano, mhudumu anao wajawazito 38 na kliniki inao 31. Hao 7 waliopungua ndio kazi yenu ya mwezi huo, hata kama hamtafanya jengine lolote.

Na mara nyingi walioachwa hufanana. Ni wapangaji waliohamia karibuni, ni familia zilizo kwenye kambi za karafuu wakati wa mavuno, na ni mama aliyefuatana na mumewe dago, yaani kambi ya wavuvi. Mhudumu akifika akakuta mlango umefungwa, huandika "hawapo", na nyumba ikapotea moja kwa moja. Kubalianeni kwamba "hawapo" haiandikwi peke yake: iandikwe wamekwenda wapi, wanatarajiwa kurudi lini, na jirani gani ana namba ya simu.

Kisha kila jina lipewe tarehe yake. Mjamzito ahudhurie kliniki mara 8, ya kwanza kabla ya kutimiza wiki 12. Mama na mtoto mchanga watembelewe nyumbani ndani ya saa 24 za kujifungua, siku ya 3 na siku ya 7. Ziara hiyo ya kwanza ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa mhudumu hupata khabari ya uzazi baada ya siku kadhaa. Dawa yake ni familia kuachiwa namba ya mhudumu mapema, ujauzito ukiwa wa miezi 7 au 8, na mtu mmoja wa nyumbani atajwe kuwa ndiye atakayepiga simu.

Jambo moja tunalisisitiza kwa nguvu zote: kamati ipewe idadi, isipewe majina yenye maradhi wala ujauzito. Jina la mtu likishasomwa kikaoni, jioni limeshafika barzani, na mwanamke huyo hatamfungulia tena mhudumu mlango. Majina yabaki kwa mhudumu na kituo. Kamati inahitaji kujua wangapi hawajafikiwa, katika mtaa gani, na kikwazo ni nini: nauli, umbali, au mume hajaridhia.

SWALI: Ni mhudumu wa afya ya jamii, Kusini Unguja. Nawapa watu rufaa waende kituoni lakini sijui nani alifika na alitibiwaje. Nikiuliza kituoni naambiwa hawakumbuki.

Hawakumbuki kwa sababu karatasi yako haikuwalazimisha kukumbuka. Rufaa iwe na vipande viwili. Cha juu, kitakachobaki kituoni, kina jina, umri, saa uliyomuona, dalili uliyoiona na ulichompa. Cha chini kinarudi kwako kikiwa na mistari mitatu: alifika lini, amepewa nini, wewe ufuatilie nini na lini. Mgonjwa mwenyewe ndiye akirudishe. Kisiporudi baada ya siku 2, nenda nyumbani kwake.

Kosa la pili lipo kwenye maneno. "Mtoto anaumwa, tafadhali msaidieni" haimsaidii muuguzi mwenye foleni ya watu 40. Andika ulichokipima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika moja, au wa mwaka mmoja hadi kabla ya miaka 5 akipumua mara 40 au zaidi, hiyo ni pumzi ya haraka. Hesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Ukihesabu nusu ukazidisha kwa mbili utakosea. Utepe wa mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, andika tarakimu yenyewe, usiandike "amekonda".

Kwa mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea hana fahamu, usingoje karatasi. Piga simu kituoni, msindikize. Vivyo hivyo kwa mjamzito anayetoka damu, au mwenye kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu.

SWALI: Mimi ni dhamana wa kituo cha afya. Kila tukiagiza dawa Bohari Kuu tunaletewa pungufu, na amoksilini ya watoto ndiyo inayokwisha mwanzo. Tunakosea wapi?

Huenda Bohari inawaletea kile kile mlichoomba. Vituo vingi hukokotoa matumizi kwa kugawa dawa zilizotoka kwa idadi ya miezi, bila kutoa siku ambazo rafu ilikuwa tupu. Mfano: katika siku 90 mmetoa vidonge 1,200, lakini siku 30 kati ya hizo hamkuwa na kitu. Ukigawa kwa miezi 3 unapata 400 kwa mwezi. Hesabu sahihi ni 1,200 kugawa kwa siku 60 mlizokuwa na dawa, kisha mara 30: ni 600. Mkiagiza kwa 400, mmeshapanga wenyewe kuishiwa tena, na mzunguko unaofuata hesabu itashuka zaidi.

Hesabu hiyo haiwezekani bila kadi ya stoo inayojazwa siku hiyo hiyo dawa inapotoka. Kadi inayojazwa mwisho wa mwezi ni ya kukisia tu. Hesabuni pia vidonge kwa mkono kila mwezi. Tofauti ya kadi na rafu iandikwe kama ilivyo na sababu itafutwe, isifichwe kwa kusahihisha kadi.

SWALI: Kamati inaweza kutoza wagonjwa kidogo ili kituo kiendeshwe?

Hapana. Huduma za afya za serikali Zanzibar zilitangazwa kuwa bure baada ya Mapinduzi ya 1964, na kamati haina mamlaka ya kuweka bei mlangoni. Mchango wa hiari wa nauli ya boti au gari la dharura ni jambo jengine: uwe na daftari lake, watu wawili wa kutia saini, na usiulizwe kabla mtu hajatibiwa.

SWALI: Muuguzi, Wete. Tunavusha chanjo kwenda Kojani kwa boti. Tunaweka barafu nyingi kwenye kasha ili zisiharibike. Tunafanya sawa?

Barafu nyingi iliyotoka moja kwa moja kwenye friza ndiyo inayoziharibu. Chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Pentavalenti (ya magonjwa matano), ya nimonia, ya pepopunda na ya HPV (ya saratani ya shingo ya kizazi) huharibika zikiganda, kwa kuwa chembe za alumini zilizomo hushikana na kinga hupungua. Nje chupa huonekana nzima.

Vifuko vya barafu vitoeni friza, viacheni juu ya meza mpaka ukikitikisa usikie maji yakicheza ndani. Hapo ndipo vipangwe kwenye kasha. Kialama cha kwenye chupa hakitawasaidia hapa: mraba wa ndani ukifikia rangi ya duara au kuipita, chanjo imepata joto na itupwe, lakini hakionyeshi kuganda.

Mkishuku kuganda, chukueni chupa ya chanjo ile ile na toleo lile lile, iandikeni "imegandishwa", igandisheni kabisa, iyeyuke. Itikiseni pamoja na ile mnayoishuku, muziweke kwenye mwangaza kwa dakika hadi 30. Ikiwa inayoshukiwa inatuama haraka sawa na iliyogandishwa, msiitumie. Ikiwa bado mnaiona imeganda barafu, hakuna haja ya jaribio, ni ya kutupwa.

Surua-rubela na BCG (ya kifua kikuu) zikishachanganywa mwisho wake ni saa 6 au kumalizika kwa kikao, lipi litakalotangulia. Andikeni saa kwenye chupa mara tu mnapochanganya. Msiogope kufungua chupa kwa mtoto mmoja. Kumrudisha mama kwa sababu watoto hawajatimia kumi ni kumpoteza, maana siku mtakayorudi huenda familia imeshakwenda dago. Wakati wa kusi pangeni tarehe mbili badala ya moja, ya pili ikiwa ya akiba ya siku bahari isipopitika, na zote mbili azitangaze sheha msikitini na skuli wiki moja kabla.