Jibu: Usikaushe kwa saa ya Dar ukiwa Dodoma

Mkuu, simama hapo hapo. Unasema umepewa karatasi ya kiwanda cha Dar, parasetamoli kwa uji wa wanga wa kuugandisha unga uwe chembe, kisha chembe zikaushwe oveni nyuzi 60 kwa saa 8, na wiki ijayo unaanza kugonga vidonge huko Dodoma. Karatasi ya namna hiyo ilishaninyoosha mimi.

Ilikuwa Julai, upepo wa Dodoma ule wa kupasua midomo na visigino. Bechi ya kilo 180. Mtaalamu tuliyemlipa nauli, posho na hoteli aligonga meza: "Fuateni karatasi!" Akapanda basi lake, sisi tukafuata. Saa 8 zikatimia, tukazima oveni, trei zikalala wazi mpaka asubuhi kwa sababu kijana wa zamu alikuwa hoi, na aliyemruhusu aende ni mimi. Asubuhi nikachukua chembe nikazisugua kidoleni, zikawa vumbi. Nikaona, nikanyamaza. Si karatasi imeshasema?

Vidonge vya kwanza vilitoka vinang'aa. Nikakigusa kimoja kwa ukucha, juu kikaachia kama kifuniko cha soda. Cha pili, vilevile. Yaani vilikuwa vinanivulia kofia kwa heshima. Nampigia mtaalamu, ananiambia ongeza mgandamizo. Nikaongeza, vikapasuka zaidi. Basi ongeza magnesiamu stearati. Jamani, ile kazi yake ni kulainisha, haigandishi kitu! Vikawa legelege. Simu ya tatu hakupokea, na mpaka leo hajapokea.

Tulipokuja kupima, unyevu uliobaki ulikuwa asilimia 0.6, wakati sisi tulitaka 2. Parasetamoli yenyewe ni kaidi, ukiibana inataka kurudi ilivyokuwa, na yale maji kidogo yanayobaki kwenye chembe ndiyo yanayosaidia zishikane. Hewa ya Dar ina unyevu wake, maji yanatoka taratibu. Hii ya kwetu inayanyonya upesi, na hata oveni ikizimwa, trei iliyo wazi inaendelea kukauka. Ndiyo maana saa 8 za kule si saa 8 za huku.

Kwa hiyo sahau saa ya ukutani. Ikifika saa ya tatu tangu uwashe oveni, anza kuchota kila nusu saa, trei ya katikati na ya pembeni, weka kwenye mizani ya unyevu, ile inayopima maji yaliyobaki kwenye chembe. Ikigota kwenye kiwango chako, toa, funga kwenye mifuko ya plastiki ndani ya pipa, papo hapo. Na usije ukapandisha joto ili uwahi: nje chembe itakauka ganda, ndani mbichi, halafu mashine inakunatia.

Gundi ya chembe nayo uliuliza: uji wa wanga au PVP (gundi ya kutengenezwa kiwandani), vyote vinafanya kazi. Namba ya chekecheo, yaani ukubwa wa matundu yake, nayo uliuliza, wapo humu watakaokujibu. Mimi niambie kitu kimoja kabla hujawasha hiyo oveni: mizani ya unyevu unayo, au na wewe umepewa karatasi tu?