Machozi baada ya arobaini

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nimejifungua mtoto wa kiume, ni wa kwanza. Mama alikuja kutoka Pangani, akanikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga, na tulipotimiza arobaini akarudi kwake. Hii ni wiki ya tatu niko peke yangu. Mume wangu huondoka na lori usiku. Mtoto akilia nami nalia. Namnyonyesha, namwogesha, lakini moyoni sisikii lolote. Hata akilala, mimi silali. Mama mkwe anasema sina shukrani, wapo wanaotafuta mtoto miaka na hawapati. Je, mimi ni mama mbaya?
Mama wa Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si mama mbaya, na hilo neno la shukrani liweke kando kabisa. Mtu anaweza kumshukuru Mungu kwa mtoto na bado akawa anaumwa.

Naam, kuumwa. Siku za mwanzo wazazi wengi hulia bila sababu, na kwa kawaida hali hiyo haizidi wiki mbili. Yako imepita huko. Kulia kila siku, kukosa usingizi hata mtoto akilala, moyo kufa ganzi: hizo ni dalili za sonona ya baada ya kujifungua, nayo ina tiba. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi kama zetu karibu mama 1 kati ya 5 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Ukiwa kwenye foleni ya kliniki, hesabu wenzio watano.

Mimi wa kwanza nilimzaa Ngamiani. Siku moja nimekaa juu ya mbuzi, nazi mkononi, mtoto analia mkekani, namsikia kama analia nyumba ya tatu. Jirani akaingia. Hakuniuliza kitu. Akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga yake, akaninyanyua, akaikuna ile nazi mpaka ikaisha, akakamua tui, akapika. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Furaha haikuja siku ile. Ilikuja mtoto ana miezi minne: naanika kanga, upepo wa bahari ukaipeperusha ikampita usoni, akacheka kwa sauti. Nikaipitisha tena. Akacheka tena. Nguo nyingine zilibaki kwenye beseni hadi alasiri.

Wazee wetu walijua sana kumtunza mzazi siku 40. Nionavyo, walikosea kudhani siku ya 41 ameshapona. Mwite mama arudi, Pangani si mbali. Mumeo msomee ukurasa huu kabla hajawasha lori.

Wiki ya 10 mtoto ana chanjo. Nesi akimaliza naye, usiinuke. Mwambie: "Na mimi siko sawa, nalia kila siku, silali." Akiona haja atakuandikia uende hospitali ya Bombo kwa daktari. Kuzungumza tu na mtaalamu huwasaidia wengi, na zipo dawa ambazo anayenyonyesha anaweza kutumia. Lakini likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje chanjo. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na asikuache mtu peke yako.

Jina la mwanao hukuliandika. Ukiniandikia tena, niambie anaitwa nani.