Kabla hujang'oa mabati yote

Pole dada. Umesema maji yanadondoka sebuleni karibu na ukuta hapo Umoja, na fundi anataka mbadilishe paa zima, tena umlipe pesa zote kabla ya kazi. Usilipe. Maji huingia mahali pengine yakafuata mbao, kwa hiyo apande juu akague misumari kwanza. Raba zake za kuzuia maji huchakaa kwa jua. Kwetu ilikuwa hiyo tu, tukabadilisha misumari.

Mabati yakiwa yameliwa na kutu, badilisha. Kwa geji, yaani kipimo cha unene wa bati, 28 ni nene kuliko 30. Lipa kwa awamu, mkiandikiana.

Ila kama ni paa la zamani la asbesto (mabamba ya saruji yenye nyuzi), tafadhali lisiguswe! Vumbi lake huleta saratani. Tafuta kampuni yenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.