Visamaki vyangu vya mti viliitwa mahamri

Juzi kijana mmoja wa Mwanza kanitumia meseji, anasema kachonga rapala tano za sangara, yaani visamaki bandia vya mti vya kuvulia, kazipaka rangi safi kabisa, siku ya kwanza ziwani zinaogelea vizuri, siku ya tatu rangi imepasuka tumboni na moja imezama kama jiwe. Anauliza, "Kaka, ninunue vanishi gani?" Nikacheka peke yangu halafu nikanyamaza, maana swali hilohilo nililiuliza mimi miaka minne nyuma na jibu lake nilililipia kwa aibu.

Ngoja nisimulie. (Huku kwetu Tanga kila chambo bandia ni rapala hata kama umechonga mwenyewe uani, kwa hiyo tusibishane majina.) Nlikuwa nachonga paini, vipande vya mabaki naokota kwa seremala jirani, napiga msasa mpaka mti unateleza kama sabuni, bluu mgongoni, fedha ubavuni, tumbo jeupe, yaani paka angekikimbilia. Nikapata mteja, nahodha wa boti ya faiba anayerambaza nguru na jodari, akaagiza kumi na mbili kwa mkupuo. Nikajiona tajiri. Nikavimaliza kwa siku nne tu, na hapo ndo palipoharibika, maana nilipaka sila (ile ya kuziba vinyweleo vya mti), rangi, vanishi, vyote vikakauka, ndo nikashika keekee nikatoboa matundu ya skrubu za kushikia ndoana, nikazikaza kavukavu, nikapeleka.

Wiki haijaisha, picha ikaingia kwenye grupu la wavuvi. Visamaki vyangu vimepangwa kwenye sinia, vimevimba, rangi imechanika, na chini nahodha kaandika, "Mahamri haya, nani ana chai?" Watu wakacheka siku tatu. Mpaka leo kuna mtu nikipita sokoni ananiuliza kama leo nimetia iliki. Hela nilimrudishia yote na hata ahsante hakusema.

Sasa aliyenifungua macho ni babu yangu mzaa mama, alikuwa fundi wa kalafati, ujana wake wote kaumaliza kugongea pamba yenye mafuta kwenye maungio ya majahazi. Alikigeuza kisamaki kimoja mkononi, wala hakutazama rangi, akatia ukucha pale skrubu inapoingia. "Unapaka ubao, na maji yanapita kwenye tundu." Basi. Akaendelea na kahawa yake.

Kweli nilivyokipasua kile kisamaki, mti ulikuwa umelowa kuanzia kwenye skrubu kwenda ndani, kule nje vanishi bado inang'aa! Mti ukinywa maji unavimba, ukivimba rangi haina pa kwenda, inapasuka. Na maji hupenda zaidi kupita kwenye ncha, kichwani na mkiani, pale nyuzi za mti zilipokatwa.

Kwa hiyo kijana wa Mwanza, sikiliza. Toboa kwanza, ziba baadaye. Toboa matundu yote, lile la kutilia risasi ya uzito tumboni nalo humohumo, jaribu skrubu zako, zitoe, ndo uchovye kisamaki kizima kwenye sila. Mkono wa kwanza uchanganye na thina iwe nyepesi kama maji ili izame, ikikauka utaona vinyuzi vya mti vimesimama, pitisha msasa namba 240 kidogo, chovya tena. Mi nachovya mara tatu, ncha naziongezea kwa brashi. Praima nyeupe, rangi, ndo epoksi, ile ya chupa mbili unazochanganya ikakauka ngumu kama kioo. Skrubu nazo usizirudishe kavu, zichovye kwenye epoksi kisha zikaze. Nimesema toboa kwanza eeh?

Epoksi usipime kwa macho, tumia bomba la sindano, nyingi ni nusu kwa nusu lakini soma chupa yako. Koroga polepole usijaze mapovu. Ukishapaka, kisamaki kizunguke, la sivyo yote inashuka tumboni inaning'inia kama kamasi. Mi nimetoa mota ya kuzungusha sahani kwenye maikrowevu mbovu, inakwenda taratibu mizunguko mitano sita kwa dakika, ila ule ni umeme wa ukutani, mwite fundi akufungie. Na masika usipake usiku wenye unyevu, mimi ilinitokea ukungu mweupe wa mafuta juu, nikauosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ndo nikapaka tena. Na macho usichore kwa maka peni halafu ukapiga klia (vanishi isiyo na rangi) yenye thina, yangu yalitiririka kama wanja wa bibi harusi aliyelia.

(Niliwahi kujaribu sifa, yale mafuta ya papa wazee waliyopaka vyombo. Rangi ilikataa kushika kabisa, na mke wangu akanihamishia barazani mimi na visamaki vyangu.)

Kabla ya kuuza, kipime kwenye mzani wa jikoni, kilaze usiku mzima kwenye ndoo ya maji, asubuhi kifute upime tena. Uzito ukiongezeka umeshajua. Vijana mnapenda kung'aa, mnapiga picha jioni mnapost usiku, likes mia mbili, sangara hana simu! Mnauliza vanishi gani, hamuulizi maji yanapita wapi. Nasema hivi nami nikiwa mmoja wenu, siku nne visamaki kumi na mbili, tamaa tu. Sasa hivi vitatu vinanichukua siku kumi na sioni haya kumwambia mteja asubiri.

Jumamosi iliyopita yule nahodha kamtuma mwanawe. Hakuja mwenyewe. Kijana kasimama mlangoni, "Shikamoo, baba anauliza kama unavyo vile vya bluu." Nikaitikia marahaba, nikamkaribisha maji, nikamtajia bei ya mgeni. Kalipa vyote vitatu bila kuomba apunguziwe.