Jibu: Blanketi la kroshia linajikunja kwenye maungio

Habari dada. Kama nimekuelewa, vipande vyako vya mraba kimoja kimoja vinalala vizuri, ila ukiviunganisha blanketi linajikunja na pembe hazikutani.

Kabla hujafumua chochote, hesabu mafundo ya ukingoni. Kipande cha mizunguko minne, kile cha mafungu ya mafundo matatu matatu, kina mafungu 4 kila upande, yaani mafundo 12 ukiacha pembe. Kisichofika hapo au kilichozidi ndicho mkorofi.

Vikilingana vyote, basi unakaza uzi mno. Mimi huvilaza kando kwa kando, uso juu, nikashona kwa sindano butu, nikichukua uzi wa nyuma tu kati ya nyuzi mbili za juu ya kila fundo. Ukimaliza upande mmoja, uvute kwa mikono. Mshono usiponyumbuka pamoja na kipande, fumua huo tu.

Shona safu zote za mlalo kwanza, ndipo za wima. Penye makutano ya pembe nne usikate uzi, vuka nao, la sivyo litabaki tundu la kuingiza kidole.

Hujasema uzi ni wa aina gani. Kama ni akriliki, pasi ya moto weka mbali kabisa: unalegea na haurudi tena.