Gitaa limepata saksafoni: amejiuza?

SWALI: Yaya, nilimpenda Iron & Wine (mwimbaji Mmarekani Sam Beam) kwa gitaa na ule mnong'ono wake. Albamu ya 2011 ina saksafoni na vinanda, hata wadogo zangu wanaicheza! Amejiuza? – Msomaji, Kamalondo, Lubumbashi

JIBU: Mdogo wangu, albamu hiyo aliitoa na Warner, kampuni kubwa ya muziki, kwa hiyo harufu ya pesa niliisikia pia. Lakini ngoma alianza kuziongeza kwenye albamu ya 2007, akiwa bado na kampuni ndogo ya Sub Pop. Beam mwenyewe alisema hiyo ya 2011 inafanana na nyimbo za redioni ambazo watu walizisikia ndani ya gari la wazazi wao, miaka ya 1970. Mimi niliyelelewa na gitaa la Mwenda Jean Bosco bado naipendelea ya 2002, aliyojirekodia nyumbani. Wadogo zako waache wacheze.