Twende Kuzuru Jumba la Shamba la Watumwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi ujao tunakwenda New Orleans, Louisiana, kwenye harusi ya ndugu wa mume wangu, na tutakuwa na siku moja ya mapumziko. Wenyeji wetu wanapendekeza tukazuru mojawapo ya majumba ya mashamba ya miwa yaliyo kando ya mto Mississippi, ambayo sasa ni makumbusho. Picha zake zinavutia, lakini nafsi yangu inasita, kwa maana najua ni nani waliotoka jasho pale. Je, twende? Na binti yetu wa miaka 12, tumchukue?
Msomaji, Houston

JIBU: Dada yangu, nendeni, na binti mwende naye, ila chagueni kwa makini, kwa sababu majumba hayo hayamsimulii mgeni habari moja. Yapo ambako utaonyeshwa vinara, meza na vitanda vya mwenye shamba tangu mlangoni hadi darini, na watumwa wakatajwa kwa sentensi moja, tena kwa jina la “watumishi”. Neno hilo linaniuma kila ninapolisikia, kwa kuwa mtumishi huweza kuacha kazi akaondoka.

Mimi ningeanzia Whitney, karibu na Wallace, shamba lililofunguliwa kwa umma Desemba 2014 ili kueleza maisha ya watumwa wenyewe. Hapo majina yao yamechongwa kwenye mawe, na katika sehemu moja ya kumbukumbu yapo majina yapatayo 107,000 ya watu waliotumikishwa Louisiana. Ipo pia bustani ya kuwakumbuka watoto wapatao 2,200 wa wilaya ile waliofariki wakiwa wadogo sana. Hapo ndipo binti yako atakapokuhitaji karibu, kwa hiyo mwelezeni mapema mtakachokiona, wala msimharakishe apite.

Mtaelewa zaidi mkijua sukari ilivyotengenezwa. Tangu mwaka 1795, Étienne de Boré alipofaulu kupata sukari ya chenga katika shamba lake karibu na New Orleans, wenye mashamba wengi walihamia kwenye miwa, na baada ya Marekani kupiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje mwaka 1808, watu waliuzwa kwa wingi kutoka majimbo kama Virginia na Maryland, wakatenganishwa na wazazi, wake, waume na watoto wao. Miwa ilipaswa kukatwa kabla ya baridi kali kuiharibu, na maji yake yachemshwe upesi kabla hayajachacha. Kwa hiyo kuanzia Oktoba vinu vilifanya kazi usiku na mchana, na watu waliochoka hoi wakawa wakihamisha maji yanayotokota kutoka sufuria moja ya chuma hadi nyingine. Masufuria hayo bado yapo, na katika baadhi ya majumba yamegeuzwa kuwa mapambo ya bustani. Mkiyaona yamejaa maua, mwambie binti yenu kazi yake ya asili.

Kuhusu uzuri unaokutia shaka, si dhambi kuuona. Jumba la Oak Alley, lililojengwa kati ya 1837 na 1839, lina safu mbili za mialoni 28 inayoelekea mtoni, na mtu yeyote angesimama kuitazama. Lakini hapo hapo aliishi mtumwa aitwaye Antoine, mtunza bustani, ambaye katika miaka ya 1840 alifaulu kubebesha miti ya pekani (njugu zenye ganda gumu), yaani kuunganisha kitawi cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, ikazaa matunda bora. Mwaka 1876 pekani za aina hiyo zilituzwa katika maonyesho makubwa ya Philadelphia. Katika orodha ya mali ya shamba, yeye na ujuzi wake waliandikiwa bei ya dola 1,000. Mimi nikiona pekani siku hizi, namkumbuka Antoine kabla ya mwenye jumba.

Popote mtakapokwenda, anzeni na vibanda vya watumwa, jiko na kinu, ndipo muingie jumbani. Mwulizeni mwongozaji ni nani waliofyatua matofali, mpishi alilala wapi, na familia zile zilikwenda wapi baada ya uhuru wa mwaka 1865. Mwongozaji aliyejiandaa atafurahi kuulizwa.

Vaeni viatu vya kutembelea na kofia, kwani sehemu kubwa ya ziara ni juani. Msipange kuzuru majumba mawili siku hiyo moja. Binti yenu atakuwa na maswali njiani mkirudi, nanyi mtataka nafasi ya kuyajibu.